Kabla ya Kurusha Big Bertha Iliyokuzwa Mara Mbili kwa Injini Tatu

Wengi huanzia hapa. Wana Big Bertha ya kampuni ya Estes, ile roketi ya mfano ya karatasi ngumu yenye kiwiliwili cha milimita 42 na urefu wa sentimita 61. Wameirusha kwa injini ya C6-5 (herufi na namba ya kwanza huonyesha nguvu, ya mwisho ni sekunde za kusubiri kabla ya kufyatua parachuti) hadi imewachosha, na sasa wanataka dada yake mkubwa, mara mbili kwa kila upande, aondoke na injini tatu za D12-5 kwa mpigo. Sawa, lakini soma kwanza, bomba utalikata baadaye.

Anza na uzito. Ukizidisha kila kipimo kwa mbili pamoja na unene, eneo linalopambana na hewa linakuwa mara nne na uzito unakuwa mara nane. Kwa hiyo unene usiuzidishe kibubusa. Plaiwudi ya milimita 3 inatosha kwa mapezi. Yapitishe kwenye mipasuo ya bomba hadi yashikane na pete zinazobeba injini, kisha paka gundi ndani na nje. Pezi lililobandikwa juu juu ya karatasi litang'oka siku roketi itakapotua kwa mkia. Lenga gramu 600 ikiwa tayari kuruka, injini zikiwa ndani. Uzito huo ni kama nyutoni 6, na kanuni ya kawaida ni kwamba msukumo wa wastani uwe angalau mara tano ya uzito, yaani nyutoni 30. D12 tatu zinafika hapo, ila hazikuachii nafasi ya kumwaga gundi ya epoksi kama unapaka uji.

Injini hizo tatu zina karibu gramu 130, zote mkiani. Pima kitovu cha uzito zikiwa ndani, maana kipimo cha roketi tupu hakina kazi. Kitovu hicho kiwe mbele ya kitovu cha kanieneo, yaani pale nguvu ya hewa inapokusanyika, kwa upana mmoja wa kiwiliwili au zaidi, hapa ni sentimita 8 na kidogo. Programu ya OpenRocket ni ya bure na itakuhesabia. Ikipungua, ongeza udongo wa kufinyangia kwenye pua.

Fimbo ya kurushia iwe ya milimita 6, urefu mita moja na nusu au zaidi. Ile ya milimita 3 uliyozoea itapinda kama mwanzi.

Parachuti usikadirie kwa macho. Ya sentimita 45 inayoitosha Big Bertha ya kawaida itaishusha hii ya gramu 600 kwa takriban mita 9 kwa sekunde, na hapo mapezi yatavunjika. Ya sentimita 80 inaishusha kwa mita 5. Kamba ya kuunganisha pua na kiwiliwili iwe ndefu mara tatu ya roketi yenyewe. Karatasi isiyoshika moto ya kukinga parachuti usiifanyie ubahili, kwa sababu baruti za kufyatua parachuti ni tatu, si moja.

Sasa njoo kwenye uwashaji. Roketi nyingi za aina hii huharibika kabla hazijaacha fimbo, na chanzo ni nyaya.

Viwashio vyote viunganishwe sambamba, kamwe visiunganishwe kwa mfululizo. Kwenye mfululizo, cha kwanza kuungua kinakata njia ya umeme na wenzake wanabaki baridi. Namna rahisi ni kutengeneza pete mbili za waya mtupu wa shaba chini ya roketi: mguu mmoja wa kila kiwashio kwenye pete ya kwanza, wa pili kwenye pete ya pili, na vibanio viwili tu kutoka kwenye betri. Pete zisigusane wala zisiguse bamba la chuma la kukinga moto.

Halafu nguvu ya umeme. Hesabu ampea 2 kwa kila kiwashio, jumla 6. Roketi ikiwa na jumla ya msukumo inayozidi ya injini moja ya D, kanuni za usalama za National Association of Rocketry ya Marekani zinakutaka usimame futi 30, karibu mita 9, kwa hiyo waya wako ni mita 10 kwenda na 10 kurudi. Waya mwembamba wa milimita mraba 0.2 kwa umbali huo una ukinzani wa karibu omu 1.75, wakati viwashio vitatu sambamba vina kama omu 0.3 tu. Kwa betri nne ndogo zenye jumla ya volti 6 unapata chini ya ampea 3 kwa vyote vitatu. Umeme mwingi unaishia kupasha moto waya. Weka waya wa milimita mraba 1.5 na betri ya pikipiki ya volti 12, na tatizo hilo limekwisha.

Kwa nini kusisitiza hivi? Kwa sababu roketi haisubiri. Umeme ukiwa hafifu, kiwashio kimoja huchelewa, labda kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Injini mbili zikishawaka roketi inainuka, vibanio vinachomoka, na ya tatu haitawaka tena. Sasa umebakiwa na theluthi mbili za msukumo, tena umehama karibu milimita 7 kutoka katikati. Roketi inaacha fimbo polepole, inainama, kisha inakimbia ubavu kuelekea watu au majani makavu. Ndiyo maana mabomba ya injini yabanane katikati kadiri inavyowezekana.

Kila kiwashio kipime kwa mita ya umeme kabla ya kukiingiza kwenye injini. Ncha yake iguse baruti kabisa, kisha ikazwe kwa kizibo chake cha plastiki. Pengo la milimita mbili linatosha kukuharibia siku. Usichanganye D12 na injini za komposaiti, zile za mafuta ya mchanganyiko badala ya baruti, zinachelewa kuwaka. Usiweke D12-0 pia: haina muda wa kusubiri, ikimaliza tu inatema moto mbele na parachuti inafunguka roketi ikiwa kwenye kasi yake kubwa.

Mianya kati ya mabomba ya injini izibwe kwa karatasi laini na epoksi, la sivyo gesi ya kufyatua parachuti itatokea nyuma. Kila injini ikazwe isichomoke, kwani tundu moja likibaki wazi parachuti haitoki.

Uwanja uwe wa futi 1,000, kama mita 305, hata upande wake mfupi. Upepo ukizidi kilomita 32 kwa saa, rudi nyumbani. Isipowaka, chomoa ufunguo wa usalama, subiri sekunde 60, ndipo usogee. Ikitua, hesabu injini zilizoungua kabla ya kuishika, maana isiyowaka bado ina baruti yake yote. Injini usizitie kwenye begi la ndege. Watoto wasiikimbilie ikiwa bado inashuka. Ikinasa kwenye nyaya za umeme, iache hukohuko.