Mbolea ya nyanya kwa anayeanza: uweke nini, lini, na majani yanakwambia nini

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili, "nyanya zangu zimestawi balaa, majani ya kijani mpaka yanang'aa, ila hazizai, kwa nini?" Nikiuliza umekuzia na nini naambiwa yurea, mara ngapi, kila wiki. Basi jibu analo mwenyewe. Huu mwongozo ni kwa mnaoanza, nyanya za shambani au za kwenye ndoo nyuma ya nyumba, wa grinihausi na umwagiliaji wa matone wana mahesabu yao mengine.

Kabla hujanunua chochote soma mfuko. Zile namba tatu ni asilimia za nitrojeni, fosforasi na potasiamu, mpangilio ni huohuo siku zote. DAP, mbolea ya kupandia, ni 18-46-0, yaani mfuko wa kilo 50 una kilo 9 za nitrojeni, fosforasi inahesabiwa kilo 23, na potasiamu hamna kabisa. Yurea ni 46-0-0, nitrojeni tupu. CAN, ya kukuzia, ina nitrojeni kama asilimia 26 au 27 na kalsiamu kidogo. Nitrojeni inajenga majani na shina, fosforasi inasukuma mizizi na maua, potasiamu ndo inajaza tunda, inaleta rangi na ule ugumu unaofanya nyanya ifike sokoni kwenye tenga bila kupasuka. Sasa mtu anayeweka yurea tu kila wiki anauambia mmea ote majani, na mmea unatii.

Hatua ya 1, udongo. Ukiweza kupima pima, SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) pale Morogoro na TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Mlingano kule Tanga wanafanya kazi ya udongo, na muulize bwana shamba wako maana yeye ndo anajua eneo lenu. Nyanya inapenda pH kama 6 hadi 6.8. Udongo ukiwa na tindikali sana fosforasi inashikwa humo humo, unamwaga DAP na mmea hauioni, hapo chokaa itakusaidia kuliko mfuko wa pili wa mbolea.

Afu samadi. Msiruke hii jamani, mbolea ya dukani haishiki maji, samadi inashika. Ila iwe imeoza. Ya kuku ndo kali zaidi, ikiwa mbichi inaunguza mizizi na miche inakauka utadhani mnyauko. Kuijua ni rahisi, ingiza mkono katikati ya lundo, ukisikia joto au harufu ya kuchoma pua rudi baada ya wiki kadhaa. Iliyoiva imepoa, nyeusi, inanukia udongo. Weka konzi mbili tatu kila shimo, changanya vizuri na udongo.

Hatua ya 2, kupandia. Kipimo chetu ni kisoda, kile kifuniko cha chupa ya soda, kikiwa flati kinabeba kama gramu 5. DAP kisoda kimoja kwa shimo, weka chini, funika na udongo kama vidole viwili ndo juu yake uweke mche. Mzizi ukigusa punje za mbolea moja kwa moja chumvi inanyonya maji ya mzizi na mche unalala hata kama umemwagilia. Kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 50 eka inabeba miche kama 13,000 na ushee, kwa hiyo kisoda kimoja kimoja ni kama kilo 67, mfuko mmoja na kidogo. Ukishapiga hiyo hesabu mwenye duka la pembejeo hakuuzii minne.

Hatua ya 3, kukuzia. Miche ikishashika, wiki ya pili au tatu toka uhamishe, CAN kisoda kimoja, unazungushia mbali na shina kama kiganja, unafukia, unamwagilia. Kufukia ni lazima hasa kwa yurea, ukiiacha juu ya udongo na jua hili nitrojeni inapaa kama hewa, ile harufu kama ya mkojo ndo hela yako inaondoka. Na usiweke mvua kubwa ikiwa imetanda, itaoshwa yote mpaka bondeni.

Hatua ya 4, na hapa ndo wengi wanapoteza msimu. Ukiona vishada vya kwanza vya maua punguza nitrojeni, hamia NPK, mbolea yenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa pamoja, iwe ile yenye namba ya tatu kubwa. Ukiendelea na yurea maua yanapukutika, majani yanakuwa laini, na wadudu mafuta wanakuja kula hayo majani laini.

Kipindi hichohicho ndo utaona nyanya zinaoza kitako, doa jeusi limezama chini ya tunda. Watu wanakimbilia kupuliza dawa ya ukungu, sio ukungu ule. Ni kalsiamu haijafika kwenye tunda, na mara nyingi imo kwenye udongo tele ila unamwagilia leo unaacha siku nne halafu unafurikisha. Kalsiamu inasafiri na maji, maji yakikatika na yenyewe inakatika. Weka matandazo ya nyasi, mwagilia kwa ratiba, ndo uongeze kalsiamu naitreti kama bado. Usiichanganye bomba moja na mbolea yenye salfa au fosfeti, inaganda na kuziba nozeli.

Hatua ya 5, kusoma majani, na cha kwanza angalia yameanzia wapi. Njano ya jani zima kuanzia chini, nitrojeni imepungua, mmea unahamishia kwenye majani mapya. Kingo za majani ya chini zimeungua, potasiamu. Mishipa ya kijani katikati njano kwenye majani ya zamani ni magnesiamu, hali hiyohiyo kwenye majani machanga ya juu ni chuma. Zambarau chini ya jani ni fosforasi, ingawa kwenye baridi ya nyanda za juu miche inafanya hivyo hata fosforasi ikiwepo, joto likirudi inapona yenyewe. Busta za majani ni za kuongezea tu, mimea yenye njaa haishibi kwa kupuliziwa.

Wa ndoo, nyie gawanyeni, nusu kisoda ya NPK kila baada ya wiki mbili inatosha ndoo ya lita 20, na itoboe chini. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo ni chumvi ya mbolea imejikusanya, simamisha kuweka, mwagilia maji matupu mengi mpaka yatiririke chini, rudia kesho yake, ndo uendelee na dozi ndogo zaidi.