Namna ya Kuamua Idadi ya Yuniti za Muhula wa Mei hadi Agosti

Mwanafunzi anayekusudia kusoma muhula wa Mei hadi Agosti hapa Mombasa na aanze kwa kuhesabu saa alizo nazo katika wiki, kisha ndipo aulize ataweza yuniti ngapi, yaani masomo mangapi ya muhula, kwa sababu uzito wa yuniti haupungui hata muda wa kuisoma unapofupishwa.

Yuniti ya kawaida huwa na takriban saa 45 za darasani. Ukiongeza saa mbili za kujisomea kwa kila saa ya mhadhara, kipimo kinachotumika sana vyuoni, yuniti moja inadai saa 135. Katika muhula wa wiki 15, hizo ni saa 9 kwa wiki. Muhula ukibanwa uwe wa wiki 8, kama ilivyo aghalabu kwa muhula wa kiangazi wa vyuo vya Marekani, ambavyo baadhi ya vijana wetu husoma kwa njia ya intaneti, mzigo huo huo unakaribia saa 17 kwa wiki. Kwa hiyo soma kalenda ya chuo chako kabla ya kugusa fomu ya usajili.

Sasa ziandike saa zako kwenye karatasi. Wiki ina saa 168. Tuseme dada mmoja anaishi Likoni, anauza dukani Kongowea na anasoma Tudor. Analala saa 56, anafanya kazi saa 48, anatumia saa 12 barabarani na kwenye feri, na saa 28 zinakwenda katika sala, chakula, usafi na shughuli za nyumbani. Amebakiwa na saa 24. Katika muhula mrefu yuniti mbili zinamtosha, na saa 6 zinabaki akiba. Katika muhula wa wiki 8 achukue moja tu. Asiye na kazi anaweza kubeba nne katika muhula mrefu, nami singemshauri azidishe.

Akiba hiyo naitetea kwa dhati. Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi Mombasa, na masika yanapojaza maji barabarani, safari ya nusu saa hugeuka ya saa mbili, au haiwezekani kabisa. Vyuo vingi havimruhusu kukalia mtihani mwanafunzi aliyekosa sehemu kubwa ya mihadhara, na katika muhula wa wiki 8, wiki moja ya mvua ni thumuni nzima ya masomo.

Baada ya idadi, tazama aina ya yuniti. Katika vyuo vya Kenya saa moja ya mhadhara huhesabiwa sawa na saa tatu za maabara, hivyo yuniti yenye vipindi vingi vya maabara hukufunga chuoni muda mrefu kuliko jina lake linavyoonyesha kwenye ratiba. Iambatanishe na yuniti ya kusoma na kuandika, wala usichukue mbili zinazodai ripoti kila wiki. Tanguliza yuniti inayofungua nyingine za mwaka ujao, au ile uliyoifeli na inayokuzuia kuhitimu. Za hiari zinaweza kungoja. Muulize mkuu wa idara ikiwa kweli itafundishwa, kwani si kila yuniti hutolewa katika muhula huu.

Ikiwa umepata nafasi ya mafunzo ya kazini, bandarini, hotelini au kwingineko, ihesabu kuwa kazi kamili. Kujaribu kuichanganya na yuniti tatu ni kujiumiza, na kwa kawaida ni masomo yanayoathirika kwanza.

Karo nayo iulizie mapema, pamoja na kama mkopo wako unagharimia muhula huu.

Ukishasajili, andika tarehe ya mwisho ya kuacha yuniti na uifuate. Ikiwa wiki ya pili imeisha na tayari unasoma usiku wa manane ili uwafikie wenzako, ondoa yuniti moja kabla ya tarehe hiyo, kwa maandishi, na ubaki na nakala yenye muhuri. Anayeacha tu kuhudhuria huenda akaandikiwa kuwa amefeli, na alama hiyo hubaki katika rekodi yake.