Kukifanya Upya Chombo cha Angani cha Zamani Bila Kumuudhi Mzee

Kazi inayonilisha ni kuhariri video za kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kutambulishana kabla ya ndoa) na harusi hapa Kampala. Usiku, simu za wateja zikinyamaza, hutengeneza vyombo vya angani vya kwenye kompyuta. Nilikulia kambi ya polisi Nsambya, ambako Kiswahili ndicho kilichotukutanisha watoto wa kila kabila, na baba alikuwa na mikanda mitatu ya VHS ya Star Trek, tamthilia ya Kimarekani ya safari za angani, ile ya kwanza, ya 1966 hadi 1969. Siku moja nikaamua kumpa zawadi: nichukue kipande kimoja cha sekunde nane, chombo kinapita mbele ya sayari, nikifanye upya kwa kompyuta.

Zawadi ilikataliwa. Nilikuwa nimeizungusha kamera chini ya chombo, nikamwaga mng'ao wa jua, nikakikatisha kona. Mzee alitazama, akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, ile ilikuwa inapita kama gari moshi. Hii yako inaruka kama nzi. Nani alikutuma?"

Basi anza hapo: hakuna aliyekutuma kuongoza filamu upya. Kaa na kipande cha zamani, daftari na kalamu. Mkanda wetu ni wa PAL, mfumo wa video wenye fremu (picha moja moja tuli) 25 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde nane ni fremu 200. Sogeza fremu moja moja. Andika chombo kiko wapi kwenye fremu ya 1, ya 50, ya 100, ya 150 na ya 200: kimeacha vidole vingapi kutoka ukingo wa kioo, pua inaelekea wapi, kimekuwa kikubwa kiasi gani. Kipande chako kipya kipite kwenye alama hizo hizo na kiwe na fremu 200, si 199 wala 203. Ukizidisha, muziki na sauti ya injini vitakuja mahali pasipo pake. Sauti usiiguse kabisa.

Pia ujue ni nini hasa kilichochakaa. Katika Star Trek ile, uso wa nahodha ulipigwa moja kwa moja kwenye filamu ya milimita 35, ndiyo maana hata leo ni safi. Chombo hakikupata bahati hiyo. Kilipigwa peke yake mbele ya kitambaa cha buluu, nyota peke yake, sayari peke yake, kisha vyote vikaunganishwa kwa kunakili filamu juu ya filamu. Kila nakala iliongeza vumbi na chembe, yaani vidoadoa vya filamu. Wamarekani walipoirudia kazi hiyo kuanzia 2006, waliskani upya negativu, yaani filamu ya asili iliyopita kwenye kamera, kwa ajili ya waigizaji, na vipande vya angani wakavichora kwa kompyuta. Nawe fanya hivyo hivyo: nyuso ziache, shughulika na anga.

Tafuta nakala iliyo safi kuliko zote unazoweza kupata. Ukiona kingo za kitu kinachokwenda zina meno kama ya kitana, ujue picha imegawanywa mistari ya witiri na ya shufwa. Programu ya bure kama HandBrake itaiunganisha. Fanya hivyo kabla ya kitu kingine chochote. Na umbo la picha libaki lile la zamani, nne kwa tatu. Wengine huivuta ijaze televisheni ya kisasa, na nyuso zikavimba kama zimeumwa na nyuki.

Chombo chenyewe nakitengeneza kwa Blender, programu ya kuumba na kusogeza vitu vya 3D. Ni ya bure, na ukishaipakua haihitaji bando tena. Usikimbilie kuweka madirisha elfu na vifaa vya kung'aa. Modeli ya asili ya Enterprise, yaani kile chombo cha Star Trek, ilikuwa na urefu wa futi 11 hivi, na upande wake wa kushoto haukumaliziwa, kwa sababu ndiko zilikopita nyaya za taa. Kwa hiyo kamera ilizoea upande wa kulia. Nilipojua hivyo, nikaelewa kwa nini kile cha kwanza changu kilimchukiza Mzee: nilikuwa nimemwonyesha tumbo na mbavu ambazo hakuwahi kuziona maishani mwake.

Taa ndiyo iliyonichosha zaidi. Anga halisi lina jua moja na kivuli cheusi, lakini studio ilikuwa na taa kadhaa, na wale watu walitaka chombo kionekane kwenye televisheni ndogo za wakati huo. Usiku mmoja umeme ulikatika, nikachukua kopo la maziwa ya unga, nikaliweka mezani, nikaliwashia tochi ya simu upande mmoja. Nusu ya kopo ilipotea gizani. Kisha nikaegemeza karatasi nyeupe upande wa pili: ile nusu ikarudi, hafifu, na ukingo wa chini ukapata mstari mwembamba wa mwanga. Nikalinganisha na fremu ya 100 niliyokuwa nimeihifadhi kwenye simu. Ilikuwa ni ule mstari! Ndani ya Blender nikaweka taa moja kali, na ya pili dhaifu sana mahali pa karatasi. Kabla ya hapo nilikuwa nimepoteza wiki mbili nikibadilisha rangi ya chuma.

Tukiwa kwenye umeme: ukirenda, yaani kompyuta inapoikokotoa picha ya mwisho, toa kila fremu kama picha yake ya PNG, usitoe faili moja la video. Kompyuta yangu ya mtumba hutumia kama dakika tatu kwa fremu, yaani saa kumi kwa fremu zote 200. Mara ya kwanza niliagiza video moja, umeme ukaondoka kwenye fremu ya 163, na faili halikufunguka tena. Ukiwa na picha, unaanzia ya 164.

Sasa ichafue kazi yako. Picha iliyotoka kwenye kompyuta ni safi mno. Ukiipachika katikati ya vipande vya zamani inaonekana kama kibandiko. Linganisha weusi kwanza: weusi wa mkanda si mweusi kabisa, una ukijivu, basi pandisha wako ulingane nao. Punguza makali ya kingo. Kisha chukua sekunde mbili za ukuta mtupu kutoka kwenye kipande cha zamani, ziwe kipimo chako cha ukubwa wa chembe, na uongeze chembe zinazofanana. Zikiwa kubwa kuliko za ukuta, sinema nzima itaonekana imenyunyiziwa mchanga. Mwisho zima sauti, rudi nyuma hatua nne, na utazame dakika nzima yenye kipande hicho ndani yake. Jicho likishtuka, bado.

Miale ya silaha ni rahisi: ichore, iache itikisike kidogo, songa mbele.

Kuna waliojaribu na wakachafua. Mwaka 1998 Waingereza walibadilisha modeli za misimu mitatu ya kwanza ya Red Dwarf, kichekesho chao cha angani, kwa picha za kompyuta, na mashabiki wengi hawakufurahi. Waliotoa baadhi ya diski za Doctor Who, tamthilia nyingine ya Waingereza, walitumia akili zaidi: efekti mpya zipo, lakini mtazamaji ndiye anayezichagua.

Neno la sheria: Uganda ina Sheria ya Hakimiliki ya 2006, na tamthilia kuwa ya zamani peke yake hakumaanishi kwamba haina mwenyewe. Fanya mazoezi nyumbani, usiuze. Ukitaka kitu cha kuwaonyesha watu, piga chako mwenyewe: kitambaa cha kijani cha Kiyembe, mtaa wa vitambaa hapa Kampala, na kopo la maziwa vinatosha kuanzia.

Mara ya pili Mzee alitazama dakika nzima, akaniuliza nilichokuwa nimebadilisha ni kipi. Nilimwekea faili zote mbili kwenye flashi, ya zamani na mpya. Huwa anafungua ya zamani. Nilipomuuliza sababu, akasema mpya ni nzuri, ila kuna nywele iliyokuwa inaruka juu kushoto, hajui imeenda wapi. Nikafungua mkanda: fremu ya 71 hadi 74, kweli ipo. Wiki hii naichora.