Kodi ya barabara Uingereza: mambo ya kutazama kabla hujanunua gari lililotumika

Mtu akipata gari la bei nzuri Leicester, Reading au London, huuliza limetembea maili ngapi, limewahi kugongwa, na MOT yake, yaani cheti cha ukaguzi wa gari wa kila mwaka, inaisha lini. Kodi ya barabara huikumbuka siku ya kuchukua funguo. Kwa waliotoka Tanzania hilo linaeleweka, kwa sababu ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa kule mwaka 2017 na kuingizwa kwenye bei ya mafuta. Uingereza kodi hii bado inadaiwa peke yake. Inakusanywa na DVLA, wakala wa serikali anayesajili magari na madereva, na magari mawili yanayofanana kwa sura na bei yanaweza kutofautiana kwa mamia ya paundi kila mwaka. Viwango nitakavyovitaja ni vya mwaka wa kodi ulioanza Aprili 2025. Huwa vinapanda kila Aprili, kwa hiyo hakikisha kiwango cha mwaka unaonunua.

Anza na tarehe ya usajili wa kwanza. Usikadirie umri wa gari kwa macho wala usiishie kwenye pleti namba. Omba kuona V5C, ile logibuku yenye kumbukumbu za usajili wa gari, utafute mstari wenye herufi B. Tarehe hiyo ndiyo inayoamua gari litatozwa kwa utaratibu upi.

Gari lililosajiliwa kabla ya Machi 1, 2001 linatozwa kwa ukubwa wa injini: paundi 220 ikiwa injini haizidi cc 1549, na 360 ikizidi. Lililosajiliwa kati ya tarehe hiyo na Machi 31, 2017 linatozwa kwa gramu za hewa ya ukaa linazotoa kwa kila kilomita, na utaziona kwenye V5C, mstari wa V.7. Hapa ndipo penye unafuu mkubwa na maumivu makubwa. Gari lisilozidi gramu 110 hulipa paundi 20 tu kwa mwaka. Kuanzia 111 hadi 120 ni paundi 35. Likizidi 255 ni paundi 760. Lakini kama gari hilo la gramu nyingi lilisajiliwa kabla ya Machi 23, 2006, mwisho wake ni paundi 430. Anayetamani Range Rover ya petroli ya mwaka huo ana sababu nzuri ya kuisoma tarehe mara mbili.

Kwa magari yaliyosajiliwa kuanzia Aprili 1, 2017 mambo yalibadilika. Gramu zinahesabika mwaka wa kwanza tu, na mwaka huo hulipiwa na aliyelinunua likiwa jipya. Baada ya hapo karibu kila gari hulipa kiwango kimoja, paundi 195, liwe dogo au kubwa. Chukua Toyota Yaris Hybrid mbili, zote zina namba 17 kwenye pleti, moja ilisajiliwa Machi 20, 2017 na nyingine Aprili 10. Ya kwanza inalipa paundi 20, ya pili 195. Kwa viwango hivyo hivyo, ukikaa nayo miaka mitano tofauti ni paundi 875. Muuzaji huenda asikuambie hilo, na mara nyingi naye halijui. Kwa maoni yangu, mwenye bajeti ndogo anayetafuta gari dogo ajitahidi kupata lililosajiliwa kabla ya Aprili 2017, mradi hali yake ni nzuri.

Kuna nyongeza ya magari ya gharama ambayo huwakamata watu wanaodhani haiwahusu. Gari lisilo la umeme lililosajiliwa tangu Aprili 2017 ambalo bei yake ya orodha likiwa jipya ilizidi paundi 40,000 huongezewa paundi 425 kila mwaka kwa miaka mitano, kuanzia mwaka wake wa pili. Kinachotazamwa ni bei ya orodha, pamoja na vikorombwezo alivyoagiza mwenyewe wa kwanza. Bei unayolipa wewe haiangaliwi kabisa. Unaweza kununua gari kwa paundi 18,000 na bado ukadaiwa 620 kila mwaka hadi litimize miaka sita tangu lisajiliwe. Uliza bei hiyo, uithibitishe kabla ya kutoa amana.

Bado utasikia watu wakisema magari ya umeme hayalipi. Yaliacha kusamehewa Aprili 2025: Nissan Leaf ya 2015 ilianza kulipa paundi 20, na ya 2018 ikaanza kulipa 195.

Kodi ndogo pia isikufumbe macho. Volkswagen Golf BlueMotion ya dizeli ya 2011 hutoa gramu 99 tu, kwa hiyo hulipa paundi 20 kwa mwaka. Lakini injini yake ni Euro 5, yaani kiwango cha zamani cha Ulaya cha moshi wa magari, na ULEZ, eneo la London linalotoza magari yanayochafua hewa, inataka dizeli iwe Euro 6. Tangu Agosti 29, 2023 eneo hilo linafunika mitaa yote ya London, na tozo ni paundi 12.50 kwa siku. Kwa anayeendesha kwenda kazini siku tano, wiki moja tu inazidi kodi ya miaka mitatu. Pleti namba ukiiingiza kwenye tovuti ya Transport for London, mamlaka ya usafiri ya jiji hilo, utajua papo hapo kama gari linatozwa.

Namna ya kulipa nayo ina hesabu yake. Ile 195 ukiilipa kwa makato ya benki ya kila mwezi inakuwa 204.75. Ukilipa miezi sita kwa mkupuo bila makato ya benki ni 107.25, na ukifanya hivyo mara mbili unafika 214.50. Mwenye uwezo alipe mwaka mzima.

Mwisho, tangu Oktoba 2014 kodi ya muuzaji haihamii kwako. Yeye hurudishiwa miezi kamili iliyobaki, nawe unaanza upya, na unahesabiwa tangu tarehe 1 ya mwezi uliomo hata ukinunua tarehe 29. Kwa hiyo, muuzaji akikubali, subiri siku hizo mbili. Siku ya kuchukua gari, hakikisha bima imeanza, upewe kile kipande cha kijani cha V5C. Kina namba ya tarakimu 12, nayo inatosha kulipia kodi kwa simu ukiwa hapo hapo kwa muuzaji, kabla gari halijagusa barabara.