Kizimba cha kinyonga Malindi: upepo kwanza, maji baadaye

Ilikuwa Januari, kaskazi inavuma kavu, nilipoitwa Ganda, karibu na mji wa Malindi, na mzee mmoja mwenye kibali cha kufuga vinyonga. Kwenye simu alisema kinyonga wake hali chakula na macho yamemwingia ndani. Nilipofika nilikuta kizimba cha kupendeza: vioo pande tatu, mbao zilizopigwa vanishi, taa juu, na kimashine pembeni kinachofuka moshi wa maji kama birika. Alikuwa amekiiga kwenye video. Nikaingiza mkono ndani, joto likawa lile la matatu iliyoegeshwa juani madirisha yamefungwa. Sakafu ilinuka ukungu wa mkate uliochacha. Kinyonga alikuwa juu kabisa, rangi imepauka, mdomo wazi.

"Mwanangu," akaniuliza mzee, "maji yote haya humu, kiu inatoka wapi?"

Swali lake ni zuri, na jibu lake ndilo linalowapita wengi. Kinyonga hanywi unyevu wa hewa. Anakunywa tone. Bakuli la maji yaliyotulia mara nyingi halioni kama maji. Anachokiona ni tone linalong'aa juu ya jani, linalotikisika na kudondoka. Kile kimashine kilikuwa kinalowesha hewa, kioo na mbao, lakini hakikuacha tone la kunyweka. Tuliondoa vioo siku hiyo hiyo, tukafunga wavu wa muda, kisha nikanyunyiza majani kwa chupa ya mkono. Mwanzo alifumba macho. Baada ya dakika tatu hivi alinyoosha shingo, akagusa jani kwa mdomo, akaanza kumeza polepole, koo likicheza. Alikunywa mpaka mzee akachoka kusimama.

Vizimba vya kwenye video vingi vimejengwa kwa ajili ya nchi za baridi, ambako nyumba hukaushwa na hita na mfugaji anahangaika kuzuia joto na unyevu visitoke. Sisi tuko digrii tatu tu kusini mwa Ikweta, bahari iko mlangoni. Joto tunalo, unyevu tunao, jua tunalo bure. Kazi yetu ni kuhakikisha kizimba kinalowa, halafu kinakauka. Kisichokauka huleta maradhi ya mapafu: kinyonga anaachama, anatoa povu au ute mdomoni, na akifika hapo ni wa daktari wa mifugo, si wa bwana shamba.

Kabla ya msumari wa kwanza kuna karatasi. Kinyonga wa kwetu ni mnyamapori kisheria, hata yule wa kijani anayepita kwenye uzio wako kila asubuhi. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, kumfuga kunahitaji kibali kutoka KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na kumsafirisha nje ya nchi kunaingia kwenye mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori, CITES, ambao umewaweka vinyonga wa jamii ya Chamaeleo kwenye orodha ya pili, ya wale ambao biashara yao hudhibitiwa kwa vibali. Kama huna kibali, usimwokote. Ukimkuta barabarani, mvushe upande anakoelekea, mpandishe mtini, uende zako. Watu wetu humwogopa kinyonga kuliko nyoka, na watoto humpiga mawe. Ukipanda uzio wa haibiskasi na kuwakemea hao watoto, utakuwa na vinyonga bila kizimba.

Kwa mwenye kibali, tuanze na kinacholiwa kwanza, yaani chuma. Chumvi ya hewani haina huruma. Wavu wa chuma unaokaa miaka Nairobi, ufukweni hapa unaanza kutoa machozi mekundu mapema sana. Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi utaonyeshwa vitu vitatu. Wa kwanza ni wavu wa kuku, wenye matundu ya pembe sita: achana nao, matundu ni makubwa, kichwa kinapita na panya anaingia. Wa pili ni ule wa matundu madogo ya mraba, ambao mafundi huuita wavu wa kahawa kwa sababu ndio wa kuanikia kahawa bara. Huo ni mzuri kwa umbo, lakini umepakwa zinki, na kinyonga hulamba matone kwenye wavu. Ukilazimika kuutumia, usugue kwa brashi na siki, usuuze, uuache juani siku kadhaa, na ujue kwamba karibu na bahari utaubadilisha. Wa tatu ni wavu wa mbu wa plastiki. Ni rahisi na haushiki kutu, ila nyenje huutafuna na kucha za kinyonga mkubwa hunasa.

Chaguo langu ni wavu wa chuma uliovikwa plastiki, matundu ya sentimita moja hivi, kwa kinyonga mzima. Wadudu wa chakula watapenya, kwa hiyo walishie kwenye bakuli refu lenye kuta laini lililotundikwa kwenye tawi. Kwa vitoto tumia wavu wa mbu, maana wao ni wadogo mno na kucha zao hazina nguvu ya kujiumiza. Ukishafunga wavu wowote, chukua khanga kuukuu uipitishe ndani yote, pembe kwa pembe. Pale inapokwamisha uzi, ndipo kucha itakapokwama. Kunja ncha hiyo au ifunike kwa ubao mwembamba.

Fremu: nguzo za mvinje ni za bei nafuu, zinapatikana mitaa yote ya Malindi, na zinavumilia. Adui yake ni mchwa, basi isimamishe juu ya matofali, isiguse udongo. Mafundi watakushauri upake oili chafu ya gari. Kwenye choo cha nje sawa; kwenye kizimba hapana, mnyama ataishi na hiyo harufu na kuilamba. Rangi ya kawaida inatosha, mradi ikae wiki nzima mpaka usiisikie ukiweka pua karibu. Alumini ndiyo bora kwa mwenye pesa, na ifungwe kwa riveti za alumini. Ukiichanganya na skrubu za chuma kingine kwenye hewa ya chumvi, alumini inalika pale zinapogusana, unga mweupe unatoka, na siku moja mlango unabaki mkononi. Popote ulipo, suuza fremu na wavu kwa maji yasiyo ya chumvi kila baada ya wiki mbili. Kazi ya dakika kumi.

Ukubwa usipungue sentimita 60 kwa 60 chini na 120 kwenda juu kwa mmoja mzima, na awe mmoja. Wawili wakionana kila saa, hata kama hawapigani, mmoja ataacha kula. Vizimba vikikaribiana, weka jamvi katikati.

Paa ligawanye. Nusu iwe makuti, nusu iwe wavu mtupu upande wa mashariki ili jua la asubuhi liingie. Usiifunike hiyo nusu kwa kioo wala plastiki angavu: mwanga utapita, lakini mionzi ya jua inayomsaidia kutengeneza vitamini D haitapita, na mifupa itakuwa laini kama ya samaki. Mabati usiyaweke juu yake kabisa. Na upepo? Wakati wa kusi ubavu wa kusini uzibwe kwa ubao au mkeka, la sivyo mvua za masika zitampiga usiku kucha. Kaskazi ikirudi, hamishia ubao huo kaskazini mashariki. Ndiyo maana nasema usiupigilie misumari, ufunge kwa kamba.

Ndani weka matawi ya unene tofauti, mengine kama kidole, mengine kama penseli, na mimea hai kwenye vyungu. Haibiskasi, mpera na mlimau mchanga hushika matone vizuri. Mnyaa, mbono kaburi na mbarika visiingie, ni mimea yenye sumu.

Sasa maji, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Nimeona watu wawili mwaka huu waliopandisha tenki juu ya mnara wa mita tatu, wakaunganisha nozeli za manyunyu, kisha wakashangaa zinatiririka kama pua ya mtoto. Mita kumi za kimo ndizo zinazokupa shinikizo la bar moja. Mita tatu ni kama theluthi moja tu ya bar, na manyunyu ya kweli yanataka kadiri ya bar tano hadi saba. Tenki lako la mnarani ni zuri kwa kitu kimoja, kudondosha, na kudondosha ni jambo jema. Dumu la lita tano, mrija mwembamba, na kile kigurudumu cha dripu ya hospitali, kipya ambacho hakijatumika: kirekebishe tone moja kila sekunde mbili juu ya jani pana, liendelee saa moja asubuhi. Chini weka beseni, usifanye bwawa.

Ukiwa na vizimba kimoja hadi vitatu, bomba la mkono la lita mbili linatosha. Lile la mgongoni la shambani linafaa pia, kwa sharti moja ambalo silegezi: liwe halijawahi kuona dawa. Kuosha hakutoshi. Plastiki na mpira hufyonza sumu ya wadudu na kuirudisha kidogo kidogo, na kinyonga anakula wadudu na kulamba majani yale yale. Nunua jipya, liandike kwa rangi nyekundu, lifungie mbali na watoto wa shamba.

Wenye vizimba vingi watumie pampu ndogo ya volti 12 inayoendeshwa na betri ya sola, taima, chujio na nozeli. Mpira mweusi usiulaze juani. Maji yaliyosimama ndani yake saa sita mchana yanachemka, na maji ya kwanza kutoka yanamwangukia kinyonga mgongoni. Uzike ardhini au uupitishe chini ya makuti, na maji ya kwanza uyaelekeze nje mpaka mkono wako uridhike.

Maji yenyewe yaonje. Visima vingi karibu na ufuo ni vya chumvi, na chumvi hiyo inaziba nozeli na kuacha magamba meupe kwenye majani. Kinga mvua: paa la mabati la mita kumi za mraba hukupa kama lita 100 kwa mvua ya milimita kumi. Ya makuti hutoka ya rangi ya chai, hayo yapelekee mboga. Nozeli zilizoziba zilaze usiku kucha kwenye siki au maji ya ndimu; usizichokoe kwa sindano, utapanua tundu na manyunyu yatakuwa mate.

Ratiba yangu kwa kaskazi: saa kumi na mbili na nusu asubuhi dakika tano, saa sita dakika mbili, saa tisa alasiri dakika tano, basi. Majani yawe yamekauka kabla ya maghribi. Wakati wa masika, mvua zikishika, ya mchana iache, na siku nyingine ruka zote. Kipimo ni choo chake. Sehemu nyeupe ikiwa nyeupe, anakunywa vya kutosha. Ikigeuka manjano au rangi ya chungwa, ongeza dakika, usiongeze mara.

Miguu ya kizimba isimame kwenye makopo ya maziwa yenye maji ya sabuni, siafu wasipande. Nimeshaona kilichobaki asubuhi baada ya siafu. Paka na kunguru watazuiwa na wavu, ila mlango uwe na komeo la nje lenye pini, sio kamba tu.

Jike likianza kushuka sakafuni na kuzunguka zunguka, tumbo limejaa vifundo, ana mayai, hata kama hajawahi kuona dume. Anataka kuchimba. Mpe ndoo ya lita 20 yenye mchanga wa mtoni uliochanganywa na udongo, wenye unyevu wa kushikamana ukiufinya bila kutoa maji, kina cha sentimita 30. Asipopata pa kuchimba atayazuia mayai mpaka yamuue. Akiingia ndooni funika kizimba kwa khanga na uwakataze watoto kuchungulia, maana akikuona ataacha shimo na kupanda tena, na huenda asirudi siku hiyo.