Somo: Umeachishwa kazi hotelini ukiwa na mimba, na mwajiri asema ni msimu

Mwezi wa nne kusi huingia, wageni wakaondoka, na mahoteli ya Malindi yakaanza kupunguza watu. Hilo twalijua. Lakini tazameni nani hutangulia kupunguzwa: mara nyingi ni yule ambaye tumbo limeanza kuonekana.

Kwanza, usitie sahihi kwa haraka. Huletwa barua imeshachapwa: "Nimeacha kazi kwa hiari yangu." Mimi niliitia, na kusoma najua. Nilikuwa nalia tu.

Pili, omba sababu kwa maandishi. Hapa ndipo penye uzito. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 46, yasema mimba si sababu halali ya kumfukuza mtu. Kwa hiyo meneja atataja msimu. Sawa, lakini kupunguza wafanyakazi nako kuna njia yake, kifungu cha 40: ilani ya mwezi mmoja kwako na kwa afisa wa leba, yule wa serikali anayesimamia mambo ya kazi, kuchagua wa kuondoka kwa kutazama ukongwe kazini, ujuzi na uaminifu, na malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza. Akiwa hakufanya hata moja, msimu wake ni wa mdomoni.

Tatu, kusanya karatasi za mshahara, meseji za M-Pesa, picha ya orodha ya zamu. Andika siku uliyomwambia kuwa una mimba na alivyojibu, kwa maneno yake yale yale. Ukishaonyesha hayo, kifungu cha 5, kinachokataza ubaguzi kazini, chamtaka mwajiri athibitishe kwamba hakukubagua.

Nne, nenda ofisi ya leba kabla ya miezi 3 kwisha tangu uachishwe. Mahakamani muda ni miaka 3, na fidia yaweza kufika mishahara ya miezi 12.

MASWALI

Dada, mimi ni kibarua, nalipwa kwa siku, mwezi wa saba huu mfululizo. Barua sina.
Kibarua aliyefanya kazi mfululizo mwezi mmoja huhesabiwa kama wa mshahara wa mwezi, kifungu cha 37. Na kuandika mkataba ni kazi ya mwajiri, si yako.

Tajiri wetu Mtaliano, asema afuata sheria za kwao.
Hoteli iko Malindi au Roma?

Mimi sina mimba, naambiwa nivue mtandio mapokezini.
Dini imo kwenye kifungu cha 5. Aseme mtandio wazuia kazi gani.

Nikishtaki, mahoteli mengine si yatanijua? Mji mdogo huu.
Yatakujua, mdogo wangu, sikudanganyi. Kukufukuza kwa kuwa umeshtaki ni kosa, lakini mtu kutokukupigia simu ya kazi ni vigumu kulithibitisha. Ndiyo maana mimi husema anzia leba: mwakaa chumbani wewe na mwajiri, mwazungumza, na wako wanaolipwa pale pale. Nenda na nakala, za asili ziache nyumbani.