Namna ya Kuandika Historia ya Klabu ya Mpira: Mfano wa Bodø/Glimt kwa Waandishi wa Tanga

Anayekusudia kuandika historia ya klabu ya mpira, iwe timu ya mtaa mmoja wa Ngamiani au klabu yenye jina kama Coastal Union ya hapa Tanga, mara nyingi hukimbilia kuhesabu makombe. Kazi nyingi huharibikia hapo, kwa sababu kombe hutaja aliyeshinda lakini halimtaji aliyezuiwa kushindana. Mfano mzuri wa jambo hili ni Bodø/Glimt, klabu ya kaskazini mwa Norwei, ambayo historia yake ikisomwa kwa makombe peke yake humpotosha msomaji kabisa.

Anza na jina. Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1916 katika mji wa Bodø kwa jina la Glimt tu, na jina la mji likaongezwa mwaka 1948 kwa kuwa nchini humo kulikuwa na klabu nyingine iliyoitwa Glimt. Mtafiti asiyejua hilo atapekua magazeti ya miaka ya 1930 akitafuta Bodø/Glimt na kuambulia patupu. Kwa hiyo, kabla ya kufungua gazeti hata moja, andika majina yote ambayo klabu yako imewahi kuitwa: la usajili, la utani kama Wagosi wa Kaya kwa Coastal Union, na hata lile la kejeli linalotumiwa na watani wa jadi. Fanya vivyo hivyo kwa wachezaji, kwa maana hapa Tanga mtu anaweza kucheza miaka kumi pale uwanja wa Mkwakwani na mashabiki wasijue jina alilopewa na wazazi wake.

Hatua ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo muhimu kuliko zote, ni kutafuta kanuni za mashindano ya kila kipindi. Timu za kaskazini mwa Norwei hazikuruhusiwa kushiriki Kombe la Norwei hadi mwaka 1963, na mlango wa daraja la juu haukufunguliwa kwao hadi mwaka 1972. Hata ulipofunguliwa, bingwa wa kundi la kaskazini katika daraja la pili hakupanda moja kwa moja kama wenzake wa kusini, bali alilazimika kucheza mechi za mchujo. Ndiyo maana Bodø/Glimt walitwaa Kombe la Norwei mwaka 1975, kwa kuwafunga Vard mabao 2-0 katika fainali, wakiwa bado timu ya daraja la pili, na mwaka huo huo wakakwama tena kwenye mchujo. Walipanda mwisho wa msimu wa 1976, na msimu uliofuata, wakiwa wageni wa ligi, wakamaliza katika nafasi ya pili. Mwandishi anayeorodhesha makombe tu angesema kwamba klabu hii ililala kwa karibu miaka sitini kisha ikaamka ghafla, ilhali kilichobadilika ni kanuni.

Suala hilo la kanuni linatuhusu hata sisi. Coastal Union walikuwa mabingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, lakini zama hizo kulikuwa pia na Ligi ya Muungano iliyokutanisha timu za Bara na za Zanzibar. Mzee akikuambia kwamba timu fulani ilikuwa bingwa, muulize kwa adabu ilikuwa bingwa wa ligi ipi, kisha linganisha jibu lake na magazeti ya wakati huo, kama Uhuru na Mfanyakazi.

Ukikuta miaka mitupu katika kumbukumbu, usiiruke. Mji wa Bodø ulipigwa mabomu na ndege za Wajerumani tarehe 27 Mei 1940 na sehemu kubwa ya katikati yake ikateketea. Isitoshe, wakati Wajerumani walipoikalia Norwei wanamichezo wengi wa Norwei waligomea mashindano yaliyosimamiwa na utawala wa wavamizi. Pengo la namna hiyo ni sehemu ya historia na linastahili aya yake.

Katika mahojiano na wazee, usianze na tarehe. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, mpe mzee alama za kushikia: je, mechi hiyo ilichezwa kabla ya Azimio la Arusha au baada yake, na je, vijana walikuwa wamesharudi kutoka Vita vya Kagera? Ukipewa picha ya kikosi, igeuze kwanza, kwani nyuma huenda kuna mhuri wa studio au majina yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino. Kisha itazame upande wa mbele, hasa mpira ulio miguuni mwa nahodha, ambao mara nyingi huandikwa mwaka kwa chaki. Usiwasahau akina mama waliofua jezi na kuwapikia wachezaji kambini, kwa sababu wanakumbuka nani hakulipwa.

Mambo ya karibuni yaandike kwa ufupi, maana yanapatikana kwa urahisi. Ubingwa wa kwanza wa ligi wa Bodø/Glimt mwaka 2020, uliopatikana kwa pointi 81 na mabao 103 katika mechi 30, unatosha sentensi moja; ushindi wa 6-1 dhidi ya Roma mwaka 2021 na nusu fainali ya Ligi ya Europa mwaka 2025 zinatosha nyingine. Hata hivyo, miswaki mikubwa ya njano ambayo mashabiki wao huibeba uwanjani tangu miaka ya 1970 ingestahili nafasi zaidi, kwa kuwa desturi za jukwaani hazimo katika jedwali la ligi.

Rasimu ikikamilika, isome kwa sauti mbele ya wanachama wa zamani, na usiwaite wa upande mmoja tu: historia ya Coastal Union isikilizwe pia na mtu wa African Sports, watani wao wa hapa Tanga, ambaye hatakubali bao la kuotea liandikwe kuwa halali. Palipo na ubishi usiokwisha, andika kauli zote mbili na utaje kila moja imetoka upande gani, kisha peleka nakala moja katika maktaba ya mkoa na nyingine katika ofisi ya klabu.